Vipindi vitatu kwa wenye mimba ya kwanza: nianze na nini?

NesiKliniki
Habari za kazi wapendwa. Naandaa mafunzo ya wajawazito 10 wa mimba ya kwanza, wiki ya 28 hadi 36, vipindi 3 vya saa moja na nusu. Nataka wafike leba hofu imepungua na wanajua la kufanya uchungu ukija. Nianze wapi?

Mkunga_Zamu
Salama dada. Wape vikaratasi, kila mmoja aandike anachoogopa bila jina, kisha uvisome kwa sauti. Humo ndimo lilipo somo lako.

Halafu onyesha njia, yaani mlango wa kizazi, inavyofunguka. Chukua sweta ya shingo ndefu, ingiza mwanasesere, msukume polepole kichwa kitokeze shingoni: wataona shingo inafupika kwanza ndipo inatanuka. Wengi huvunjika moyo wakiambiwa njia imefunguka "sentimita 3" baada ya kukesha. Waambie mapema kwamba mwanzo huo ndio unaokawia. Kwa mwongozo wa WHO wa 2018, leba yenyewe huhesabiwa kuanzia sentimita 5, na kwa mzazi wa kwanza toka hapo hadi 10 kwa kawaida haizidi saa 12.

Usiahidi kwamba hawatasikia maumivu. Ukiahidi, atakayelia atajiona ameshindwa.

BiMwanahawa
Pumzi wazifanye hapohapo, si kusikiliza tu. Kila mtu ashike barafu kiganjani dakika moja, maana uchungu mmoja ukikolea huchukua kama muda huo. Avute puani kwa hesabu ya 4, atoe mdomoni kwa 6 kama anayepoza uji. Wewe tazama taya na mabega. Yakikaza, mguse ayalegeze. Kosa kubwa ni kuhema harakaharaka: vidole vinachonyota, kichwa kinazunguka, naye anadhani anakufa. Arefushe kutoa pumzi, itapoa.

Msindikizaji naye aje. Afundishwe kukandamiza kwa kitako cha kiganja pale kwenye mfupa bapa chini ya kiuno, tangu uchungu unapoanza hadi uachie. Asisugue, ngozi itachubuka.

Mkunga_Zamu
Naongeza: mama asisukume kabla mkunga hajathibitisha njia imefunguka yote. Akiwahi, mlango wa kizazi unaweza kuvimba, na nguvu zinamwishia. Na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zitaje waziwazi, hata mbele ya mama mkwe: kizazi kinaweza kubanwa kupita kiasi hadi kupasuka. Damu ikitoka, maji yakiwa ya kijani, mtoto akipunguza kucheza au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, asikae kuhesabu dakika. Aende hospitali.

NesiKliniki
Asanteni sana. Na kama msindikizaji haruhusiwi kuingia leba?

BiMwanahawa
Mfundishe mama ajikandamize mwenyewe. Asimame, akunje ngumi mbili aziweke nyuma ya kiuno, aegemee ukuta mpaka uachie. Kipindi cha tatu kiwe cha kurudia hayo tu.