Kampuni ya bima imelipia mabati ya juu na kukataa kingo za paa zilizong'olewa na dhoruba ile ile

Ndugu zangu,

Nimekaa na barua hii siku kumi na mbili kabla ya kuandika, nikitumaini kwamba hasira itapungua. Haikupungua. Kampuni ambayo nimeilipa ada ya bima ya nyumba kila mwaka, bila kuchelewa hata mara moja, imenijibu kwamba uharibifu wa ukingo wa paa langu "umetokana na uchakavu wa muda mrefu na ukosefu wa matunzo", na kwamba kwa sababu hiyo haitalipa chochote kwa sehemu hiyo. Katika barua hiyo hiyo, aya mbili chini yake, imekubali kulipia mabati mawili yaliyo juu ya ukingo huo kwa kuwa "yaliharibiwa na dhoruba". Usiku ni mmoja, upande wa paa ni mmoja, na mpasuko ni mmoja ulioanzia chini ukapanda juu. Wamelipia mwisho wa mpasuko na kuukana mwanzo wake.

Nieleze kwanza kilichoharibika, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba ukingo wa paa ni vitu kadhaa vinavyoshikana. Upo ule ubao mrefu unaozunguka mwisho wa paa, ambao mafundi huuita fishabodi, uliopigiliwa kwenye ncha za kenchi. Juu ya ubao huo limefungwa gata la kupokea maji ya mvua. Chini yake ipo dari ya upenu, inayoziba nafasi kati ya ubao na ukuta wa nje. Halafu ipo safu ya mwisho ya mabati, inayotokeza kidogo nje ili maji yadondokee ndani ya gata badala ya kurudi kwenye mbao. Dhoruba ilinyanyua safu hiyo ya mabati, ikang'oa ubao pamoja na gata lake karibu urefu wote wa upande mmoja, dari ya upenu ikaanguka, na maji ya mvua yakaingia kwa pale palipobaki wazi, yakateremka ukutani hadi chumbani. Hati yangu ya bima, katika ukurasa unaoeleza maana ya jengo, inataja "paa pamoja na mbao za ukingoni, magata na mabomba ya kushushia maji". Kwa hiyo hakuna mtu anayebisha kwamba vitu hivi vimo ndani ya bima. Ubishi uliopo ni juu ya kilichoving'oa.

Mtathmini wa hasara aliyetumwa na kampuni alikaa kwangu muda usiofika nusu saa. Hakupanda juu, ingawa ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani na fundi wangu alikuwa tayari kuishikilia. Alipiga picha akiwa amesimama chini, akainama kwenye kipande kimoja cha ubao kilichokuwa kimelala uani, akakikwangua kwa ufunguo mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaondoka. Sikatai kwamba rangi ilikuwa imebanduka mahali hapo, na urefu wa sehemu hiyo haufiki hata mkono mmoja kutoka kiwiko hadi vidole. Taarifa iliyoukataa ubao wa upande mzima, gata lake, dari yake na mabati yake imejengwa juu ya kipande hicho kimoja.

Kama angevitazama vipande vingine, vilivyokuwa vimelala hatua tano kutoka pale aliposimama, angeona mambo ambayo hata mtu asiye fundi anayaona. Ubao uliooza hubadilika rangi ukawa mweusi, hulainika, hubonyea kwa kidole na humeguka vipande vifupi. Mbao zangu zimevunjika kwa nyuzi ndefu nyeupe, kama unavyovunjika mti mkavu uliopindwa kwa nguvu. Misumari imetoka na vipande vya mbao ngumu vimeshikilia shina lake, maana yake ni kwamba mbao ilikuwa bado inaung'ang'ania msumari hadi dakika ile ya mwisho. Halafu kuna ushahidi mkubwa kuliko yote, nao bado uko juu ya nyumba hadi leo: ubao wa upande wa pili wa paa. Ulipigiliwa wiki moja na ule ulioanguka, na fundi mmoja, kwa mbao za shehena moja, ukapakwa rangi siku moja, na umepigwa na jua na mvua kwa miaka ile ile. Huo umebaki mahali pake, umenyooka. Upepo ulivuma kutoka upande mmoja, na upande huo ndio ulioharibika. Uchakavu hauchagui upande kwa kufuata mwelekeo wa upepo.

Jambo linalonichoma zaidi ni kwamba ukingo ndiyo sehemu ya paa ambayo kila mhandisi hutarajia iumizwe kwanza na upepo. Hewa inayokwenda kasi ikifika kwenye mwisho wa paa huachana na uso wa paa ghafla, na mahali hapo panatokea mvuto wa kwenda juu ulio mkali kuliko sehemu nyingine yoyote. Kiwango cha Marekani cha kukadiria mizigo ya majengo, ASCE 7, huligawa paa katika kanda: katikati kuna hesabu yake, kingo zina hesabu kubwa zaidi, na pembe ndizo zenye hesabu kubwa kuliko zote. Fundi yeyote mzuri huongeza misumari kwenye safu ya mwisho ya mabati kwa sababu hiyo hiyo, hata kama hajawahi kusikia habari za kiwango hicho. Sasa kampuni inaniambia kwamba upepo uliweza kubandua mabati ya juu, ambako mvuto ni mdogo, lakini haukuhusika na ukingo, ambako mvuto ni mkubwa! Ningependa mtu mmoja katika ofisi yao akae chini anieleze hilo jambo linawezekanaje.

Barua yao inaongeza kwamba takwimu za kituo cha hali ya hewa "hazioneshi kasi ya upepo inayoweza kuharibu paa lililotunzwa". Nilizitafuta takwimu hizo. Walichonukuu ni kasi ya wastani. Kwa utaratibu wa kimataifa wa vituo vya hali ya hewa, kasi ya wastani hupatikana kwa kupima upepo kwa dakika 10, kwenye kimo cha mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, ilhali kishindo cha upepo, ule mpigo wa ghafla unaong'oa vitu, hupimwa kwa sekunde 3. Kishindo huwa juu sana kuliko wastani, na nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi: kasi ikiongezeka mara 2, nguvu inayolisukuma paa huongezeka mara 4. Safu ya vishindo vya usiku ule ipo kwenye ukurasa huo huo walionakili, jirani kabisa na ile safu ya wastani. Waliiruka. Siwezi kuamini kwamba mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutathmini madai ya dhoruba hajui tofauti ya safu hizo mbili.

Kuna hoja moja ya kisheria ambayo nimejifunza katika mkasa huu, na ninaiandika kwa kirefu kwa sababu naamini itamfaa mwingine. Kampuni inadai kwamba kwa kuwa ubao ulikuwa na umri, basi umri ndio chanzo cha hasara. Lakini hali ya kitu si sawa na chanzo cha kuharibika kwake. Kila ubao ulioko nje ya nyumba una umri, kama vile kila bati na kila msumari. Swali la bima ni nini hasa kilichosababisha hasara, yaani chanzo chenye nguvu, na kanuni hiyo haikutungwa na sisi wateja. Mwaka 1915 meli ya Uingereza iliyoitwa Ikaria ilipigwa kombora la majini karibu na bandari ya Le Havre, Ufaransa. Ilifikishwa bandarini ikiwa hai, upepo mkali ukaanza kuigongesha kwenye gati, wakuu wa bandari wakaamuru ihamishwe, na huko ilikohamishiwa ikawa inakaa juu ya mchanga kila maji yanapokupwa, hadi ikazama. Mwenye meli alidai kwamba kilichoizamisha ni bahari na upepo, vitu vilivyokuwa ndani ya bima yake. Kampuni ya bima ikasema hapana, chanzo cha kweli ni kombora, na madhara ya vita yalikuwa yameondolewa katika mkataba. Mwaka 1918 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya Uingereza, liliipa kampuni ushindi: kinachotazamwa ni chanzo chenye nguvu kuliko vyote, wala si kile kilichotokea karibu zaidi kwa saa.

Basi kanuni iliyowapa watoa bima ushindi dhidi ya mwenye meli na iwe kanuni pia mteja anapoishika. Ubao wangu ulikuwa umekaa mahali pake kwa misimu yote ya mvua iliyopita, na uling'oka katika saa moja ya dhoruba. Chanzo chenye nguvu ni kipi hapo? Hata chombo cha Uingereza kinachosuluhisha malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, Financial Ombudsman Service, hupima madai ya dhoruba kwa maswali matatu: je, kulikuwa na dhoruba siku hizo, je, uharibifu ni wa aina inayoletwa na dhoruba, na je, dhoruba ndiyo sababu kuu ya uharibifu huo. Neno lililopo pale ni sababu kuu. Hakuna anayemtaka mwenye nyumba awe na paa lisilo na alama hata moja ya miaka.

Tena mzigo wa ushahidi una pande mbili. Mimi napaswa kuonesha kwamba hasara imetokana na janga lililotajwa katika bima, na kampuni yenyewe imeshakubali kwamba dhoruba ilitokea na ikaharibu paa. Ikitaka kujificha nyuma ya kifungu cha mambo yasiyolipiwa, ni juu yake kuthibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika. Mkwaruzo wa ufunguo kwenye kipande kimoja hauthibitishi chochote kuhusu upande mzima wa nyumba.

Juu ya matunzo sitasema mengi. Ninazo risiti za fundi aliyesafisha magata na kukaza misumari kabla ya mvua, nilizipeleka pamoja na madai, na barua yao haizitaji hata kwa neno moja. Ninayo pia nakala ya taarifa ya mkaguzi wao wenyewe, aliyekuja kulikagua jengo kabla ya kunipa bima, aliyeandika kwamba paa na viungo vyake viko katika hali nzuri. Walipokuwa wanahesabu ada, ukingo ulikuwa mzima na ukatozwa pesa kama kitu kizima.

Nilipoandika barua ya kwanza ya kupinga, walinipigia simu, si kwa maandishi, wakasema wanaweza kulipia sehemu ya gharama za ukingo "kwa kuzingatia umri". Mkataba wangu unasema nitarudishiwa jengo kama jipya, bila kukata uchakavu. Walitaka kukata uchakavu kwanza, kisha waondoe kile kiasi ambacho mwenye bima hujilipia katika kila dai, na baada ya hesabu hiyo kingebaki kiasi kisichotosha hata mbao zenyewe, achilia mbali ufundi. Aidha ofa hiyo ilitaka nitie saini kwamba sina dai lingine, na kwa saini hiyo chumba kilicholowa maji kingefutika pia. Nilikataa. Yeyote kati yenu anayepigiwa simu ya namna hiyo, tafadhali awaombe waandike, na asitie saini karatasi ya kufunga dai kabla uharibifu wa ndani haujakauka na kukaguliwa, kwa kuwa doa la maji kwenye ukuta na dari huweza kujitokeza siku nyingi baada ya mvua yenyewe.

Jumatatu nimewapelekea barua ya pili. Nimedai nipewe taarifa kamili ya mtathmini pamoja na picha zake zote, namba ya kifungu wanachokitegemea, na mtathmini mwingine ambaye atapanda ngazi. Nimeambatanisha safu ya vishindo vya upepo, picha za nyuzi za mbao, na picha ya ubao wa upande wa pili ulio mzima. Wasipojibu katika muda uliowekwa na utaratibu wao wenyewe wa malalamiko, dai linakwenda kwa msimamizi wa bima. Paa nimelifunika kwa turubai, kwa sababu mkataba unanitaka nizuie hasara isiongezeke, na gharama ya turubai hilo nimeiongeza kwenye dai. Vipande vyote vya ubao, pamoja na misumari yake, nimevipanga stoo, kila kimoja na namba yake, na hakitaondolewa kimoja mpaka wavione.