Kaka ameambiwa ana homa ya ini aina ya C: je, tumtenge vyombo?

MwanaBondeni ameuliza:

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Kaka yangu mkubwa, ambaye tunaishi naye nyumba moja pamoja na mkewe, watoto wao na mama yetu mzazi, alijitolea damu kwa ajili ya jamaa aliyekuwa akifanyiwa upasuaji, na baadaye akaitwa na kuelezwa kwamba damu hiyo haikutumika kwa sababu kipimo kimeonyesha homa ya ini aina ya C. Mwenyewe hana maumivu, macho yake si ya manjano, na anakwenda kazini bandarini kama kawaida. Tangu habari hiyo ifike nyumbani, mama amemwekea sahani na kikombe chake peke yake, shemeji hataki mtoto mchanga abebwe na babake, na jirani mmoja ameshaanza kunong'ona kuhusu mwenendo wake. Kaka hajapata kujidunga unga maishani mwake. Anachofanya ni kunyolewa ndevu kwa wembe kila Ijumaa, na kuumikwa mara kwa mara kwa ajili ya mgongo. Naomba anayefahamu atueleze ugonjwa huu unaambukizwaje, unamfanya nini mtu, na sisi wa nyumbani tujikinge vipi. Je, kuna chanjo?

MuuguziLikoni amejibu:

Wa alaykum salaam. Nianze na kipimo chenyewe, maana hapo ndipo familia nyingi hulia kabla ya msiba. Kipimo kinachofanyiwa damu ya kujitolea hutafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili huibakisha baada ya kukutana na virusi, na alama hiyo haifutiki hata kwa mtu aliyekwisha pona. Takriban watu 30 katika kila 100 wanaoambukizwa huviondoa virusi wenyewe ndani ya miezi 6, bila dawa yoyote. Kwa hiyo kaka yako anahitaji kipimo cha pili, cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe katika damu, na mpaka majibu yake yatoke hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni mgonjwa. Ulizeni bei mapema, kwani hutofautiana sana baina ya maabara moja na nyingine.

Virusi vikipatikana, msidanganyike na afya yake ya nje. Wengi hawahisi chochote kwa miaka mingi huku ini likizidi kuota makovu, na kati ya wale ambao virusi vimewaganda, watu 15 hadi 30 katika kila 100 hufikia hali ya ini kukakamaa ndani ya miaka 20. Hapo ndipo tumbo hujaa maji, miguu ikavimba, mtu akatapika damu, na wengine wakapata saratani ya ini. Pombe huharakisha safari hiyo, na baadhi ya dawa za mitishamba zinazouzwa kwa jina la kusafisha ini huliumiza zaidi.

Kuhusu maambukizi, njia ni damu kuingia katika damu. Sahani, kikombe, choo, kukumbatiana, kupeana mikono na kukohoa havimo, basi mwambieni mama avirudishe vyombo kabatini na shemeji amrudishie mtoto babake. Vinavyotengwa ni wembe, mswaki, kikata kucha na kile kisindano cha kutoboa kidole cha kupimia sukari, ambacho katika nyumba zetu nyingi hupita kwa baba, mama na shangazi kwa sababu wote wana kisukari. Kwa mke na mume hatari ipo lakini ni ndogo. Mkewe apimwe ili moyo wake utulie, na akikutwa navyo, watoto nao wapimwe, kwani mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa uzazi. Chanjo ya aina ya C haijapatikana. Ya aina ya B ipo, na kaka apimwe hiyo B kabla ya kuanza matibabu, kwa kuwa dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyokuwa imelala.

MwalimuMstaafu amejibu:

Huyo jirani anayenong'ona asimuliwe habari za Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya huko iliwachoma watu wa vijijini sindano za kutibu kichocho, na sindano hizo zikatumika kwa mtu baada ya mtu bila kuchemshwa ipasavyo. Kirusi chenyewe kilikuja kutambuliwa mwaka wa 1989, na wakati huo Misri ilikuwa tayari miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Wakulima waliokwenda kutafuta tiba ndio waliougua, na sijui mwenendo wao ulikuwa na kosa gani. Kuanzia mwaka wa 2018 nchi hiyo iliwapima mamilioni ya raia wake na kuwatibu waliokutwa na virusi, jambo ambalo mataifa mengi tajiri bado hayajalifikia.

FundiWaChuku amejibu:

Mimi huumika watu hapa Majengo, na swali la ndugu linatuhusu sisi moja kwa moja. Chale zinapokatwa na kikombe kuvuta, damu hupanda mpaka kwenye vali ndogo iliyo juu ya kikombe cha plastiki, na pale hapaoshiki hata ukisugua kutwa. Ndiyo maana kila mteja anastahili vikombe vipya na wembe unaofunguliwa mbele ya macho yake. Kwa vinyozi nimeona wembe ukipanguswa kwa pamba ileile yenye spiriti tangu asubuhi, na mteja akaridhika kwa sababu amesikia harufu. Nunueni nyembe zenu wenyewe. Bei yake ni ndogo mno kuwa sababu ya kubishana na kinyozi.

Msafiri_Kisauni amejibu:

Nami niliupata kwa njia ambayo kaka yako anasingiziwa, maskani, kwa bomba moja la sindano lililozunguka, na hata kijiko na maji ya kuchanganyia tulikuwa tukishirikiana. Leo natumia methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, na virusi vya C nilivitibu kwa vidonge vya kumeza kila siku kwa wiki 12. Zamani watu walichomwa sindano za interferoni kwa miezi mingi, zikiwadhoofisha kwa homa na huzuni, na wengi hawakupona. Dawa za sasa huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Kaka yako ajue mambo mawili ambayo mimi niliambiwa mwishoni: kwamba kupona hakumkingi mtu na maambukizi mapya, na kwamba kipimo cha haraka kitaendelea kuonyesha alama. Kwa hiyo akishapewa karatasi ya PCR inayosema virusi havipo, aihifadhi pamoja na kitambulisho chake, kwa kuwa kila atakapopimwa upya ataulizwa.