Tuhimize kila mtu akapige kura, tufundishe kwanza, au kila mmoja aachwe na lake?

Mwana_wa_Utaani
Assalamu alaikum. Jumuiya yetu ya vijana hapa Wete, Pemba, inataka kuanza kazi ya uraia mapema, tusingojee mwaka wenyewe wa uchaguzi, maana mwaka huo kila anayebisha hodi huulizwa katumwa na nani. Tumegawika. Wako wanaotaka tupite nyumba kwa nyumba tumwambie kila aliyetimiza miaka 18: nenda kapige kura, mchague umtakaye, lakini nenda. Wako wanaosema huo ni upuuzi, mtu asiyejua kazi ya mwakilishi (wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar) na ya mbunge ukimhimiza umemtuma akabahatishe, kwa hiyo tufundishe kwanza. Kundi la tatu lina watu wachache na makelele mengi: kura ni haki si faradhi, anayetaka kulala siku hiyo alale. Na mmoja akaja na habari ya Australia, kwamba tudai sheria, atakayekaa nyumbani alipe faini. Huyo tulimcheka, lakini nataka kusikia na juu yake.

Mimi niko na wa mwanzo. Nipeni hoja, vyama viacheni mlangoni.

Bi_Mkubwa_wa_Chachani
Waalaikum salaam mwanangu. Anayesema kura moja si kitu mlete hapa Chake. Januari 1961 jimbo la Chake Chake chama cha ASP kililichukua kwa kura moja. Moja! Wala haikuishia Chake. Viti vilikuwa 22. ASP ikapata 10, na vyama vyengine viwili, ZNP 9 na ZPPP 3, na hao watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa ZNP mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11 na serikali ikashindikana. Ukarudiwa uchaguzi Juni mwaka ule ule, viti vikiwa 23, na Juni hiyo ndiyo wazee wetu hawapendi kuizungumza, kwa sababu ya watu 68 waliokufa kwenye fujo. Mtu mmoja angebakia kitandani na homa siku ile ya Januari, hesabu yote ingekuwa nyengine. Sisemi ingekuwa nzuri zaidi, ila nyengine.

Na 1961 ndiyo mara ya kwanza wanawake wa visiwa hivi kupiga kura. Uchaguzi wa 1957 mama yangu hakuwa na haki hiyo: sharti uwe mwanamme, uwe na umri wao, na uwe na kisomo au mali. Basi hao wenzako wa "asiyejua asihimizwe" waambie mpango wao si mpya, mkoloni aliwatangulia.

Ticha_Micheweni
Bi Mkubwa, hapo umetuonea kidogo. Hatusemi azuiwe. Tunasema asisukumwe akiwa hajui anakwenda kufanya nini.

Ngalawa_Tupu
Bi Mkubwa, shikamoo. Hesabu za kura chache nazijua mpaka za karibuni. 1995 kwenye urais wa Zanzibar Dk. Salmin wa CCM na Maalim Seif wa CUF walipishana kwa kura 1,565. 2010 Dk. Shein na Maalim kwa 3,471. Mzanzibari humwambii kura yake haina uzito, kwani ameshayaona.

Lakini twende mbele. Oktoba 25, 2015 watu walipanga foleni toka alfajiri. Oktoba 28 mwenyekiti wa ZEC, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote. Tukaambiwa turudi Machi 20, 2016. CUF haikurudi, na mimi sikurudi. Sasa kijana wa Utaani angenibishia hodi Machi ile aniambie "nenda, ni wajibu wako", ningemjibu nini? Wajibu wangu niliutekeleza Oktoba. Kukaa kwangu nyumbani Machi ndiyo kauli pekee niliyobaki nayo. Mkishaingiza vichwani mwa watu kwamba mwema ni yule aendaye kila mara, mimi niliyekataa kwa makusudi nitawekwa fungu moja na yule aliyelala tu.

JangombeMwisho
Na ukapata nini yakhe? Dk. Shein akatangazwa kwa 91.4%, waliojitokeza kwa takwimu rasmi 67.9%, na Baraza la Wawakilishi likakaa miaka mitano bila CUF. Ukisusa, wenzio wala.

Ngalawa_Tupu
Nimepata kutoipa baraka yangu. Kwako si kitu, kwangu ni kitu. Tuendelee.

Mpemba_wa_Melbourne
Nimeona Australia imetajwa nikasema leo sinyamazi. Huku kura ya shirikisho ni lazima tangu 1924. Uchaguzi wa 1922 walijitokeza watu chini ya 60% ya walioandikishwa, wa 1925, wa kwanza chini ya sheria hiyo, wakapindukia 91%. Kwa hiyo ukiniuliza lazima inaleta watu, jibu ni ndiyo, bila ya ubishi. Faini ni dola 20, si pesa ya kumtia mtu jela, na ukitoa sababu ya maana unasamehewa.

Ila faini si ndiyo dawa yenyewe. Wenzetu walipomlazimisha raia walijilazimisha na wao. Uchaguzi ni Jumamosi. Vituo vimejaa kwenye skuli. Ukiwa mbali na kwako unapiga kituo chochote ndani ya jimbo kubwa unaloishi, au kabla ya siku, au kwa posta. Nje ya kituo watu wanakaanga soseji kuchangia skuli (sisi wengine tunauliza kwanza ni nyama gani). Huwezi kumtoza mtu faini kwa kutokuja, wakati njia ya kuja hujamwekea.

Na wa "tufundishe kwanza" nao wana chao hapa. Huku mpigakura anawapanga wagombea kwa nambari: 1, 2, 3 mpaka mwisho. Asiyejali anaanza juu anashuka chini, 1, 2, 3, 4, karatasi imekwisha, huyo anarudi kwake. Hizo kura zipo mpaka imebidi majina yapangwe kwa kura ya bahati, asije mtu akafaidi kwa kuwa jina lake linaanza na A. Kwa hiyo lazima inamfikisha mtu kituoni, lakini akili anakuja nayo mwenyewe. Vilevile hakuna anayeweza kujua kama umeandika au umetumbukiza karatasi tupu, maana kura ni siri. Ngalawa, wewe huku ungekwenda ukatumbukiza tupu, kauli yako ungekuwa umeitoa.

Chile iliondoa lazima 2012 ikairudisha 2022, na kura ya maoni ya Septemba mwaka huo walijitokeza kiasi cha 85%. Brazil lazima ni kwa wa miaka 18 mpaka 70, wa 16 na 17 wana hiari.

Mimi kwetu nisingeitaka sheria hiyo. Lazima inataka kwanza anayelazimishwa amuamini anayehesabu. Na msinionee wivu: nilipochukua uraia wa huku, wa Tanzania ukanitoka, kwa kuwa uraia wa nchi mbili haturuhusiwi. Ndugu yangu aliyebaki na pasipoti yetu naye akiwa huku hana pa kupigia. Familia moja, mmoja analazimishwa pasipomhusu, mwengine panapomhusu hapafiki.

Ngalawa_Tupu
Karatasi tupu yetu itahesabiwa imeharibika, na aliyeharibu kwa hasira atachanganywa na bibi aliyekosea kutia alama. Bora nyumbani.

Ticha_Micheweni
Umenipa pa kuanzia. Mzanzibari siku ya uchaguzi mkuu anapewa karatasi tano: rais wa Tanzania na mbunge, hizo za Tume ya Taifa, rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani, hizo za ZEC. Marais wawili, tume mbili, mabaraza matatu. Nimesomesha somo la uraia miaka mingi, na nawaambieni kijana wa Fomu Foo anaweza kukutajia lini ulifanyika Muungano lakini asijue barabara ya kijijini kwao inaulizwa kwa nani. Anamlalamikia mbunge kwa kazi ya diwani, anamtukana diwani kwa sheria iliyopitishwa Dodoma.

Hodi ya dakika tano ya "nenda kapige kura" hilo halitibu. Mnachofanya ni kuongeza idadi ya watu kwenye foleni.

Na Bi Mkubwa, kama tunataja historia, tutaje na Julai 1963. Hapo walipiga wote, wanaume kwa wanawake, na wakajitokeza takriban wote. ASP ikapata kura kiasi cha 54%, viti 13 kati ya 31. Wingi wa wapigakura peke yake hautoshi, mipaka ya majimbo nayo inaamua. Nani mitaani anajua hilo? Basi hilo lifundishwe.

Bi_Mkubwa_wa_Chachani
Fundisha mwanangu, nani kakukataza? Lakini mama yangu kusoma hakujua. Alijua bei ya karafuu, alijua nani mtaani anakula mali ya yatima. Kwa mtihani wako angeshindwa, na katika wagombea wa Chake alikuwa anamjua kila mmoja mpaka babu yake.

Dago_Kojani
Nyote mnazungumza kama watu wa barazani. Sisi Kojani wanaume wanakwenda dago, anaondoka mtu na mtumbwi anakaa kambi ya mbali muda mrefu, bahari ndiyo inayomwambia lini arudi. Kituo chake cha kura kiko pale pale alipoandikishwa. Oktoba hiyo hiyo kuna karafuu mtini, na karafuu haingojei matokeo. Kina mama wa mwani wanafuata bamvua: maji yakitoka wanashuka, siku iwe ya uchaguzi isiwe. Ukipita nyumbani kwa mtu kama huyo ukamhimiza atakwambia ndiyo mwanangu, inshaallah, na atakuwa hakudanganyi. Siku ikifika yuko Mafia.

Na kabla ya kura kuna kuandikishwa. Bila kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ZEC haikuandikishi, na safari ya kitambulisho inaanzia kwa sheha, kiongozi wa shehia. Nina mdogo wangu alizungushwa kwenye shehia moja, siitaji, kila akenda kuna karatasi haipo. Akija leo mtu kumhimiza huyo, atampiga kibao.

Hapa kwetu watu hawahitaji kuhamasishwa, jamani. 2010 walijitokeza karibu tisa katika kila kumi ya walioandikishwa. Tatizo liko kwa ambao hawamo ndani ya daftari, na wale waliomo lakini wako baharini.

BintiKikwajuni
Dago amesema langu. Nitaongeza moja tu kwa Mwana wa Utaani. Wewe ni kijana, miaka ya tisini hukuiona. Watu hawakuzikana. Duka la wa chama hiki wa chama kile hanunui, harusi imegawika, mpaka dala dala ina chama. Maridhiano ya Rais Amani Karume na Maalim Seif, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 iliyopita kwa 66.4%, ndiyo yaliyotutoa huko. Nyumba zenye kumbukumbu hiyo zipo, tena nyingi. Ukibisha hodi ukasema "nakuhimiza ukapige kura", wao wanasikia "nimekuja kujua wewe uko wapi". Na wakikunyamazia usidhani wamekubali.

Mwana_wa_Utaani
Shukran nyote. Dago na Binti mmenibadilishia swali. Jumaa hii nitaipeleka jumuiya hivi: tusimwambie mtu yeyote nenda au usiende. Tukifika nyumba tuulize moja tu, humu ndani kuna aliyetimiza 18 na hana kitambulisho? Akiwepo tumsindikize, mmoja wetu akae naye kwa sheha mpaka fomu itoke. Wakati huo wa kungoja, Ticha akitaka aje atueleze hizo karatasi tano. Ngalawa naye akishakuwa na kitambulisho na jina daftarini, kwenda au kukaa ni shauri lake.

Ngalawa_Tupu
Hapo tumekutana. Nataka kukataa nikiwa nina cha kukataa.

Ticha_Micheweni
Nije, lakini si kwenye foleni ya sheha. Nipeni chumba na ubao.

JangombeMwisho
Na wa mwani na wa dago mmewasahau tayari.

Dago_Kojani
Sikuwasahau. Mimi nataka tudai kura ya mapema. Ipo tayari katika sheria, wanapiga askari na watendaji wa uchaguzi. Mwaka 2025 ilikuwa Oktoba 28, wengine wote Oktoba 29. Kama sanduku linaweza kukaa siku moja kabla kwa ajili ya askari, mvuvi ana kosa gani? Mpemba wa Melbourne ametwambia kwao mtu anapiga kabla ya siku.

Ngalawa_Tupu
Dago ndugu yangu, usitie mkono hapo. Hiyo siku ya kabla ndiyo inayolalamikiwa kila uchaguzi kwa kuwa watu hawajui nani kaingia na nani katoka. Wewe unataka kuipanua?

Dago_Kojani
Nataka wavuvi waingizwe na mawakala wa vyama vyote wakae pale, orodha ibandikwe mapema. Ikiwa ni hofu ya sanduku kulala usiku, sanduku la askari nalo linalala.

Ngalawa_Tupu
Linalala, na ndiyo maana na mimi silali.

Bi_Mkubwa_wa_Chachani
Hilo la mapema lifungulieni uzi wake, hili mtalikeshea. Mwana wa Utaani, mjukuu wangu yuko Chake ametimiza 18 na cheti cha kuzaliwa anacho. Nyinyi mnasindikiza wa Wete tu, au na sisi mnatufikia?