Fremu isiyo na bomba la siti, ya pembetatu au baiskeli ya kulalia: ipi inakubalika mbioni?

Pedeli_Mbili: Nalinganisha baiskeli tatu kwa ajili ya triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia) mwaka huu na mbio dhidi ya saa za chama mwakani: (1) Softride ya zamani, ile ambayo siti inaning'inia kwenye boriti, (2) Cervélo P5X iliyotumika, (3) fremu ya kawaida ya mbio dhidi ya saa, yenye lebo ya kuidhinishwa na UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli. Kando ya hizo kuna baiskeli ya kulalia, maana wanasema ndiyo inayokata upepo kuliko zote. Bei za hizo tatu zinakaribiana.

Fundi_Spoku: Kwa mipango yako ya mwakani, 1 na 2 zimeshatoka. UCI inataka umbo la pembetatu, na zote mbili hazina bomba la siti, lile linaloshuka kutoka siti hadi kwenye pedeli. P5X ilitoka 2016 ikiwa imeundwa kwa triathlon tu, na waliounda hawakuficha hilo.

Lebo usiitafute kwenye picha za muuzaji, mwambie akupigie picha ya karibu. Imekuwapo tangu 2011, imebandikwa kwenye fremu yenyewe kwa namna isiyobanduka, na ina herufi za aina: RD ya barabara, TT ya mbio dhidi ya saa, TR ya velodromu (uwanja wa mbio za baiskeli). Kisha linganisha modeli na orodha ya fremu zilizoidhinishwa kwenye tovuti ya UCI. Fremu iliyopakwa rangi upya na lebo ikafunikwa itakuletea mabishano na mkaguzi asubuhi ya mbio, na mkaguzi hana haraka kama wewe.

Upepo_wa_Kusi: Ya kulalia sahau. Julai 1933 Francis Faure alipanda Vélocar, baiskeli ya kulalia ya Charles Mochet, pale Paris, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaipita rekodi ya Oscar Egg ya 44.247 iliyokuwapo tangu 1914. Faure hakuwa bingwa wa daraja la kwanza, ndiyo maana watu walishtuka. Mwaka uliofuata UCI ikaandika upya maana ya baiskeli ya mbio, na ya kulalia ikabaki nje. Hadi leo ina mashindano yake yenyewe. Kwa maoni yangu walilinda biashara, si mchezo.

Timazi: Upepo, hapo unasema nusu. Mwaka 1993 Graeme Obree alifikisha kilomita 51.596 kwa saa moja pale Hamar, Norway, kwa baiskeli aliyojiundia, mikono imekunjwa chini ya kifua. Siku sita baadaye Chris Boardman akafikisha 52.270. Mkao wa Obree ukapigwa marufuku 1994. Akaja na ule wa kunyoosha mikono mbele, nao baadaye ukapigwa marufuku. Kabla ya marufuku hiyo, Boardman aliutumia mkao huo 1996 na kufikisha 56.375. Hapo swali likawa la haki: tunapima miguu au tunapima karakana? Mkataba wa Lugano wa UCI wa 1996, ulioanza kutumika 2000, ulijibu kwamba mtu atangulie mashine. Unaweza kuuchukia, lakini bila huo anayenunua fremu ya mitumba hana nafasi kabisa.

Fundi_Spoku: Turudi kwenye chuma. Softride ina matatizo yake hata kwa triathlon. Nyingi zinatumia magurudumu ya 650C, rimu ya milimita 571, si 622 ya kawaida. Tairi likipasuka wikendi ya mbio, hupati dukani. Boriti pia inashuka ukikaa, kwa hiyo urefu wa siti pima mtu akiwa juu yake, mwenzake akisoma futi. Ukipima ikiwa tupu, siti itakuwa chini kuliko ulivyokusudia na magoti yatauma. Kagua boriti inapoungana na fremu: gonga kwa sarafu taratibu, mlio ukibadilika ghafla na kuwa mzito, kaboni imeachana ndani. Kama imekaa pwani, fungua boliti zinazoshika alumini kwenye kaboni. Unga mweupe maana yake alumini inaliwa.

P5X ni safi zaidi: breki za diski, nafasi ya chakula na zana ndani ya fremu. Uzito wake kwenye triathlon haukaguliwi.

Kamisaa_Mstaafu: Ukichagua namba 3, lebo peke yake haikupitishi. Baiskeli nzima, si fremu, isipungue kilo 6.8, urefu usizidi sm 185 na upana sm 50. Iweke sakafu iliyopimwa kwa pima maji, ndipo upime. Mikono ya mbele, yaani vishikio virefu vya usukani, ndiyo inayowaangusha wengi. Tangu 2023 kipimo kinafuata kimo cha mwendeshaji: chini ya sm 180 anaruhusiwa sm 80 kutoka ekseli ya kati, ile inayobeba mikono ya pedeli, kuanzia 180 anapata 83, kuanzia 190 anapata 85. Siti vilevile: shusha timazi kutoka ncha yake, andika umbali hadi katikati ya ekseli hiyo ya kati, ulinganishe na toleo la kanuni la mwaka huo. Usitegemee makala ya zamani.

Na triathlon ziko mbili. Ile inayoruhusu kufuatana nyuma ya mwenzako hutumia kanuni za baiskeli za barabarani za UCI, kwa hiyo hata namba 3 haiingii. Uliza waandaaji kabla ya kutoa pesa.

Pedeli_Mbili: Yangu ni ile ya kutofuatana. Basi namba 3. Muuzaji nimeshamwomba picha ya lebo.

Fundi_Spoku: Omba na ya ndani ya bomba la siti, mahali pa kibanio cha nguzo ya siti. Za kaboni hupasuka hapo kwa kukazwa kupita kiasi.