Naomba ushauri: mdogo wangu amekatwa mguu chini ya goti, tufanye nini kabla ya kupata mguu bandia?

DadaWaUluguru ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naandika kutoka Morogoro kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 29, fundi seremala, ambaye aligongwa na gari akiwa abiria kwenye bodaboda. Madaktari walijitahidi kuuokoa mguu wake wa kulia, ikashindikana, ukakatwa chini ya goti. Nyuzi zimeshatolewa na kidonda kimefunga. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani tukiwa na magongo, bandeji na tarehe ya kliniki, lakini hatukupata mtu wa kukaa nasi na kutueleza namna ya kumhudumia tukifika.

Hali yake ni hii. Anashinda kwenye kochi, goti la mguu uliokatwa likiwa limewekewa mito kwa chini, kwa sababu ndivyo anavyopata nafuu, na sasa naona kwamba akijaribu kulinyoosha halifiki mwisho. Ncha ya kigutu imevimba hadi kuwa pana kuliko sehemu iliyo juu yake. Usiku hulalamika kwamba vidole vya mguu ambao haupo vinaungua na kujikunja, na mama akimsikia hulia, kwa kudhani kwamba akili ya mwanawe imeguswa. Juzi aliamka gizani kwenda msalani, akasahau, akakanyaga pasipo na mguu na kuangukia kigutu. Tunamshukuru Mungu kwamba mshono haukufunguka.

Kubwa linalonikosesha usingizi ni kwamba kuna mtu anauza mguu bandia uliotoka Ulaya, uliokwisha kutumiwa na mtu mwingine, na baba yuko tayari kuuza kipande cha shamba ili tuuchukue kabla haujapata mteja. Naomba wenye utaalamu au waliopitia hali hii mnieleze: je, tununue mguu huo? Na kama si sasa, ni kazi gani tunayopaswa kuifanya hapa nyumbani wakati tunasubiri?

---

FundiSoketi amejibu:

Dada, pole sana kwa yaliyowakuta, na mfikishie pole mgonjwa na wazazi. Mimi ni mtaalamu wa viungo bandia. Nilisomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981, na kutengeneza miguu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Tafadhali mzuie mzee asiuze shamba.

Mguu bandia si kitu cha kuokota kwenye rafu na kuvaa. Sehemu inayopokea kigutu, tunayoiita soketi, hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Tunazungushia kigutu bandeji za plasta, tunapata umbo lake, tunalijaza plasta ili tupate nakala, kisha tunaichonga nakala hiyo kwa mkono: hapa tunapunguza mahali panapoweza kubeba uzito, pale tunaongeza ili mfupa usiguswe. Baada ya hapo ndipo plastiki ya polipropilini hupashwa moto kwenye tanuri na kuvalishwa juu ya nakala hiyo. Watu wengi hudhani kwamba mtu aliyekatwa chini ya goti husimamia ncha ya kigutu. Sivyo. Uzito mwingi hubebwa na kano iliyo chini kidogo ya pia ya goti, pamoja na nyama za ubavuni na nyuma. Soketi ya mtu mwingine itambana pasipotakiwa na kuachia nafasi panapotakiwa, na kwa ngozi changa kama yake kidonda hakitachelewa.

Jambo la pili ni wakati. Kigutu chenye uvimbe hakipimwi. Kwa kawaida kipimo cha kwanza huchukuliwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimepona kabisa na uvimbe umetulia, na hata hapo kigutu huendelea kupungua kwa miezi sita hadi mwaka mzima. Ndiyo maana mguu wa kwanza huwa wa mpito: utalegea, ataongeza soksi za kigutu ili kujaza nafasi, na soksi zikishakuwa nyingi mno itabidi soketi ibadilishwe. Fedha zenu zitunzeni kwa ajili ya hatua hizo na kwa nauli za kliniki.

Kwa huduma yenyewe, kutoka Morogoro mnaweza kwenda Dar es Salaam, ambako MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili na hospitali ya CCBRT pale Msasani wana karakana za viungo bandia, au mkafika KCMC. Ulizeni gharama na utaratibu wa msamaha kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjalipa chochote.

---

MazoeziTiba amejibu:

Naunga mkono maelezo ya hapo juu, lakini mimi kama mtaalamu wa fiziotherapia jambo lililonishtua katika maelezo yako, dada yangu, ni ile mito iliyo chini ya goti. Iondoeni leo. Goti likizoea kukaa limepinda, misuli na kano za nyuma hufupika na goti hukakamaa, na goti lililopinda sana haliwezi kuvalishwa mguu likatembea vizuri, hata fundi awe hodari kiasi gani. Mdogo wako amebakiwa na goti lake mwenyewe, na hiyo ni neema kubwa, kwa sababu aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua. Goti hilo ndilo la kupiganiwa kabla ya kuwaza mguu wowote.

Alale kifudifudi kwenye kitanda kigumu au mkekani, mapaja yote mawili yakiwa yamegusa chini, kwa dakika kama 20, mara mbili au tatu kwa siku, kwa sababu nyonga nayo hukakamaa kwa mtu anayeshinda amekaa. Akilala chali, aweke taulo iliyokunjwa chini ya ncha ya kigutu, si chini ya goti, kisha alisukume goti kuelekea kitandani, akaze msuli wa paja, ahesabu hadi tano na kuachia, akirudia bila haraka. Msiruhusu mtu yeyote alivute goti hilo kwa nguvu. Anapokaa, kigutu kisining'inie. Kiwekwe juu ya ubao uliopachikwa chini ya mto wa kiti na kutokeza mbele, ili goti libaki limenyooka. Yeye ni seremala, na ubao huo anaweza kujitengenezea mwenyewe akiwa amekaa: mrefu wa kutosha kukalia sehemu yake ya nyuma, kingo zimepigwa msasa, na sponji iliyofunikwa kitambaa upande wa kigutu.

Kuhusu uvimbe, bandeji ya kuvutika ifungwe kimshazari kwa umbo la nane, ikibana zaidi kwenye ncha na kulegea kadiri inavyopanda, hadi ipite juu ya goti. Ikizungushwa duara juu ya duara inakaba damu na ncha ndiyo inazidi kuvimba, nami nahisi hicho ndicho kilichotokea kwenu. Ifunguliwe na kufungwa upya mara kadhaa kwa siku, na akisikia kigutu kinapwita au kufa ganzi ifunguliwe papo hapo.

Nataja na kukanda kwa maji ya moto kwa sababu najua bibi na shangazi wapo karibu na wana nia njema. Ngozi ya kigutu hupoteza sehemu ya hisia zake na inaweza kuungua bila mwenyewe kujua. Aoshe kwa maji ya kawaida na sabuni kila siku, akaushe vizuri, kisha apapase kovu kwa pamba, baadaye kwa kitambaa, baadaye kwa taulo, ili ngozi izoee kuguswa kabla haijaingia kwenye soketi.

---

NimesimamaTena amejibu:

Shikamoo nyote mnaostahiki. Dada, mimi nilikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na leo natembea na kufanya kazi zangu. Mwambie mama kwamba mwanawe yuko timamu kabisa. Mguu umeondoka, lakini neva zilizokuwa zikiuhudumia bado zipo na ubongo bado unaushikilia, kwa hiyo maumivu yale ni ya kweli kama ya jino. Kinachoumiza kuliko vidole vyenyewe ni kulala usiku ukiwa na maumivu ambayo unaona aibu kuyataja, kwa hiyo mruhusuni ayaseme.

Kilichonisaidia ni kufunga bandeji vizuri na kukipapasa kigutu maumivu yanapoanza, na kioo. Unakaa umenyoosha miguu, unasimamisha kioo kirefu katikati ili kigutu kifichwe nyuma yake, unatazama mguu mzima ndani ya kioo huku ukikunja na kukunjua vidole polepole. Macho yanaona miguu miwili, na kwa baadhi yetu ule mkazo wa vidole huachia. Kioo hakisaidii kila mtu. Maumivu yakizidi amweleze daktari kwa uwazi, kwa kuwa zipo dawa mahususi za maumivu ya neva na panado peke yake huwa haziyafikii.

Kuhusu kuanguka usiku, hilo hutupata wengi, hasa mtu anapoamka ghafla. Magongo yasimamishwe upande anaoamkia, yasiwekwe pembeni ya mlango. Taa ndogo iwashwe usiku kucha. Na kwa kipindi hiki awe na chombo cha haja ndogo karibu na kitanda. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, atengeneze kiti imara chenye tundu katikati, kiwekwe juu yake.

---

MpenziWaUkweli amejibu:

Kwa heshima zote kwa wataalamu, mjomba wangu aliletewa mguu uliotumika kutoka Ujerumani na anautembelea hadi leo. Tusiwakatishe tamaa watu wenye nafasi ya kupata vifaa bora kwa bei ndogo.

---

FundiSoketi amejibu:

Kaka, sipingi kwamba mjomba wako anatembea, na ninafurahi kwa ajili yake. Nyayo, bomba na viunganishi vya mguu uliotumika vinaweza kukaguliwa na kutumika tena, ikiwa vinalingana na uzito na kimo cha mtu na kama wayo haujachakaa. Inawezekana kabisa kwamba karakana fulani ilimtengenezea mjomba soketi mpya ikaifunga kwenye vifaa hivyo. Lakini muuzaji wa mtaani hauzi huduma hiyo. Anauza mguu mzima kama ulivyovuliwa na mwenyewe. Kama baba wa familia hii bado anautamani, basi auone kwanza fundi anayemhudumia kijana, kabla ya senti kutoka mfukoni.

---

WakiliMlezi amejibu:

Naongeza kwa ufupi upande wa haki zake. Gari lililomgonga lilipaswa kuwa na bima ya mtu wa tatu kwa mujibu wa sheria, na abiria wa bodaboda ni miongoni mwa wanaoweza kudai. Tunzeni nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ripoti ya polisi, mchoro wa eneo la ajali, taarifa za upasuaji na kila risiti, na mfungue madai mapema, kwa sababu haki ya kudai ina ukomo wa muda. Katika madai hayo gharama za mguu bandia na za kuubadilisha zitajwe waziwazi, wala msikubali malipo ya haraka yanayohesabu kitanda cha hospitali peke yake. Akiwa tayari kurudi kazini, aulizie halmashauri kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 2 kati yake imetengwa kwa watu wenye ulemavu.

---

DadaWaUluguru ameandika:

Nimeyasoma majibu yenu kwa sauti mbele ya familia nzima, nami nashukuru kutoka moyoni. Baba amemjulisha muuzaji kwamba hatununui. Mito imeondolewa, kulala kifudifudi alikuona kazi ngumu mwanzoni, lakini anavumilia. Ubao ameutengeneza kutokana na kipande cha mkangazi kilichobaki karakanani kwake, akaniagiza sponji sokoni, na siku ile alishika randa kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mama sasa ndiye anayemshikia kioo.

Yeye mwenyewe anaomba niulize mambo mawili: je, mguu bandia utamruhusu kusimama mezani kwake na kupiga randa kutwa nzima, na je, siku ya vipimo aende na nini?

---

FundiSoketi amejibu:

Kusimama atasimama, lakini si kutwa nzima kwa kuanzia. Atauvaa kwa muda mfupi, auvue, aangalie ngozi yote kwa kioo, hasa nyuma ya goti. Wekundu usiofifia ndani ya dakika 20 hivi ni ishara ya kurudi kwa fundi, na asiulazimishe mguu huo hata kama ana oda ya mteja. Mafunzo ya kutembea huanzia kwenye vyuma sambamba vya kushikilia pande zote mbili, kisha magongo, kisha ngazi: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu bandia. Kwa kazi ya randa ningemshauri awe na stuli ndefu ya kuegemea, na mbao nzito abebewe na mwanafunzi wake kwa miezi ya mwanzo. Karakanani kwake afagie maranda mara kwa mara, maana wayo wa bandia hauhisi kinachoteleza.

Siku ya vipimo aje amevaa kaptura, na alete viatu vyote viwili atakavyovivaa kazini, vilivyofunika mguu na vyenye kamba. Tunaupanga mguu kulingana na urefu wa kisigino cha kiatu hicho. Akija na ndala halafu nyumbani akavaa buti lenye kisigino, mguu bandia utamsukuma mbele na goti litakuwa likijikunja kila anaposimama. Akitaka kubadilisha aina ya kiatu baadaye, apite kwetu kwanza tumrekebishie.