Mteja wa mjini Dodoma: anakuja na gari lake au na daladala?

Wakuu, habari za jioni.

Nina duka la vyombo mtaa wa nyuma ya Soko la Majengo, mwaka wa tisa huu. Wiki iliyopita wenye maduka wa mtaa wetu tulikaa kikao, na karibu wote walitaka jambo moja: daladala zisisimame mbele yetu, nafasi waachiwe wateja wenye magari. "Mwenye hela anakuja na gari," jirani yangu alisema, wote wakaitikia. Nikauliza ni nani amewahi kuwahesabu. Kimya.

Basi nikahesabu mimi. Siku tatu, kila aliyenunua nilimuuliza amekujaje. Daftari likajaa daladala, mguu, boda na bajaji. Wa gari hawakumaliza hata ukurasa. Na lile gari lililokaa mbele ya duka langu tangu asubuhi mpaka kufunga, siku zote tatu, ni la jirani yuleyule.

Kukisia vibaya si ugonjwa wa Dodoma tu. Mwaka 2006, kwenye mitaa miwili ya maduka huko Bristol, Uingereza, shirika la Sustrans liliwauliza wenye maduka, wakakisia asilimia 41 ya wateja wao huja na gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, ikawa 22.

Msimamo wangu: kituo kikiondoka, wateja wanaondoka nacho. Pingeni.

Mpima Mchele, Sabasaba
Mkuu, umehesabu vichwa, hela hukuhesabu. Sufuria mtu anaibeba mkononi. Mimi nauza mchele. Mwenye gari anafungua buti, kilo 50 zinaingia, kwaheri. Wa daladala anapimiwa kilo mbili, tena anaomba nimzidishie kidogo. Akithubutu kubeba gunia, konda anamdai nauli ya mtu wa pili. Nikose wateja gani hapo, wa buti au wa mfuko?

Mama wa Nkuhungu
Wa kilo mbili ndiye mimi, baba, na hapo nilipo sijaenda mjini wiki mbili. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, walipopandisha nauli Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 ikawa 600. Kwenda na kurudi 1,200, hiyo kwangu ni mboga ya siku. Nyanya, vitunguu, mlenda, vyote nanunua genge la hapa jirani, bei imezidi kidogo lakini nauli sitoi. Ila siku nikija mjini nimekuja kweli: dagaa, kitenge, daftari za watoto, ndoo. Na nanunua maduka yaliyo njiani toka kituoni. Mkikisogeza kituo mbali, hayo ya kwenu nitayaona saa ngapi na mzigo kichwani?

Mtumishi, Ilazo
Mimi nina gari na sioni sababu ya kuona aibu. Nikitoka kazini Mtumba nimechoka. Mjini nazunguka mara tatu natafuta pa kuegesha, nikipata nalipa ushuru, nikichelewa nakuta karatasi kwenye kioo. Siku hizi naishia Soko la Job Ndugai, Nzuguni. Mkininyima maegesho msidhani nitapanda daladala. Mtakuwa mmenikosa tu.

Mpima Mchele, Sabasaba
Umeona sasa?

Mwenye mada
Mpima Mchele, kwenye gunia nakukubalia, na kuna utafiti unaokubeba. Mwaka 2012, Portland, Marekani, Kelly Clifton na wenzake walikuta kwenye mikahawa, baa na maduka madogo mwenye gari hutumia zaidi kwa safari moja, lakini asiye na gari hurudi mara nyingi, na kwa mwezi hazidiwi. Kwenye supamaketi ndipo wa gari aliendelea kuongoza. Ukitazama vizuri, supamaketi ya kule ndiyo gunia lako.

Mtumishi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu. Lakini jiulize nafasi uliyoikosa ilikaliwa na nani. Kwetu kwa sehemu kubwa ni sisi wenye maduka. Tunafika saa mbili, tunaegesha, tunalalamika hadi jioni kwamba wateja hawana nafasi. Napendekeza nafasi chache za kupakia tu, nusu saa, zamu kwa zamu. Daladala wabaki pao. Na sisi magari yetu tuyaache mbali tutembee. Hilo la mwisho ndilo lililokivuruga kikao.

Jirani nimemwonyesha daftari. Anasema nilihesabu watumishi wakiwa hawajapokea mshahara. Ni hoja, siwezi kuikataa. Mishahara ikitoka tunahesabu upya, na kalamu atashika yeye. Gari lake nimemwomba siku hizo aliache nyumbani, bado hajanijibu.