Vijana washirikishwe kwa kiwango gani katika uamuzi wa pamoja?

Swali
Ndugu zangu, kamati yetu ina wajumbe wawili vijana ambao huhudhuria kila kikao, lakini ajenda huandaliwa bila wao, na makabrasha huwafikia wakiwa wamekwisha kuketi. Je, huku ni kushirikishwa? Tulenge kiwango gani?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko lililochapishwa na UNICEF, aliupanga ushiriki wa watoto na vijana katika ngazi yenye vidato 8. Vitatu vya chini, yaani kutumiwa, kuwekwa kama pambo na kushirikishwa kwa jina tu, hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo. Kwa maelezo yako, vijana wenu wako kwenye kidato cha 3, kwa kuwa wana viti lakini hawana nafasi ya kujiandaa wala ya kubadili lolote. Wengi hudhani kilele ni vijana kuamua peke yao, kumbe hicho ni kidato cha 7. Cha 8 ni vijana kuanzisha jambo, kisha kuliamua pamoja na watu wazima.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila si lazima kila jambo lifikishwe kileleni. Kuwauliza vijana maoni ni kiwango halali, mradi waelezwe mapema kwamba uamuzi utabaki mikononi mwa nani, na baadaye warudishiwe majibu. Harry Shier, aliyependekeza viwango 5 mwaka 2001, aliweka maswali 3 katika kila kiwango: je, watu wazima wako tayari, je, upo utaratibu wa kuwawezesha, na je, kanuni za taasisi zinawalazimu? Hilo la mwisho naliona zito kuliko yote, kwa sababu vijana wanaotegemea hisani ya mwenyekiti hupoteza nafasi yao siku anapoondoka madarakani.

Jibu la tatu
Anzeni na ajenda. Kanuni iseme kwamba vijana wanaweza kuwasilisha hoja zao kabla ajenda haijafungwa, kwamba makabrasha yawafikie siku kadhaa kabla ya kikao, na kwamba muhtasari utaje kila hoja yao, iliyokubaliwa na iliyokataliwa, pamoja na sababu. Tena, ndugu muulizaji, hukutueleza wajumbe hao walipatikanaje: walichaguliwa na vijana wenzao, au waliteuliwa na kamati yenyewe? Kama waliteuliwa, rekebisheni hilo kwanza.